Kutua Duna na Kurudi Salama: Mwongozo wa Safari ya Watu katika Kerbal Space Program

Kerbal Space Program ni mchezo wa kompyuta wa safari za anga, na ndani yake kupeleka chombo kisicho na mtu Duna, sayari nyekundu, si kazi ngumu. Kupeleka wanaanga watatu, wawili wakanyage udongo mwekundu kisha wote watatu warudi Kerbin, sayari ya nyumbani, wazima, ni jambo jingine kabisa. Wengi hukwama mahali pamoja: wametua vizuri, bendera imesimama, mafuta ya kupaa hayatoshi. Dawa ya hilo ni kuiunda safari kuanzia mwisho. Anza na kapsuli itakayoingia angahewa ya Kerbin, kisha mafuta ya kuondoka Duna, kisha chombo cha kutua, na roketi ya kuwatoa uwanjani iwe ya mwisho kabisa. Takwimu zote hapa ni za toleo la 1.12, bila modi yoyote.

Hesabu ya njia

Kutoka uwanjani hadi obiti ya km 80 juu ya Kerbin unahitaji delta-v (jumla ya mabadiliko ya kasi ambayo mafuta yako yanaweza kuleta) ya m/s 3,400 hivi. Kutoka hapo kwenda Duna ni 1,070. Kuingia obiti ya duara ya km 60 juu ya Duna ni 615: 250 za kwanza zinakuzuia usiipite sayari, nyingine 365 zinashusha upande wa mbali wa obiti. Kupaa kutoka ardhi ya Duna ni 1,450, na kuondoka kurudi nyumbani ni 615 tena.

Kutua ndiko kwenye udanganyifu. Duna ina angahewa inayofika km 50, lakini ni nyepesi mno: shinikizo la chini kabisa ni 0.067 tu ya lile la Kerbin usawa wa bahari. Linatosha kupunguza kasi na kufungua miavuli, halitoshi kukutua taratibu. Kwa hiyo miavuli hufanya sehemu kubwa ya kazi na injini humalizia. Tenga m/s 400 kwa kutua, na usizihesabu kama akiba.

Kapsuli na chombo mama

Kwa watu watatu tumia kapsuli ya Mk1-3 yenye ngao ya joto ya mita 2.5 chini yake na kitenganishi kati ya ngao na steji inayofuata. Puani weka kiunganishi cha Clamp-O-Tron. Pua ikishachukuliwa na kiunganishi, mwavuli mkubwa wa juu hauna pa kukaa, basi bandika minne ya Mk2-R ubavuni. Pamoja na mafuta ya vijipua vya RCS, vile vinavyosogeza chombo kidogo kidogo, sehemu hii inafika kama tani 5.

Nyuma yake weka injini moja ya LV-N Nerv. Msukumo wake ni mdogo, kN 60, na yenyewe ina tani 3, lakini Isp yake (kipimo cha ubanaji wa mafuta) ya 800 haina mpinzani kwa safari ya namna hii. Nerv inakunywa mafuta ya kawaida tu, haitumii oksidaiza, ile kemikali inayounguza mafuta katika injini nyingine. Ukiipa matangi ya FL-T bila kuondoa oksidaiza kwenye karakana, utabeba mzigo wa bure hadi Duna na kurudi. Afadhali matangi matatu ya Mk1 ya mafuta tupu: kila moja lina tani 2 za mafuta, jumla tani 6.

Kwa chombo cha kutua cha tani 8, msafara wote katika obiti ya Kerbin unakuwa na tani 23 hivi. Ukifika obiti ya chini ya Duna na kukiacha chombo cha kutua, chombo mama kinabaki na delta-v ya m/s 1,300 na zaidi, wakati kurudi kunataka 615. Ziada hiyo usiipunguze. Ndiyo itakayokuokoa kama chombo cha kutua kitashindwa kufika juu.

Ongeza paneli za jua mara mbili ya ulizozoea, kwa sababu mwanga unaofika Duna ni asilimia 43 tu ya ule wa Kerbin. Kwa mawasiliano, antena ya DTS-M1 na kituo cha ufuatiliaji cha ngazi ya 3 hufika km milioni 22. Siku mtakayofika Duna, Kerbin itakuwa umbali wa km milioni 21 na ushei, yaani ukingoni kabisa. Watu wakiwemo ndani chombo kinaongozeka hata bila mawimbi, ila kutuma data kutakatika Kerbin ikizidi kwenda mbali.

Chombo cha kutua

Hapa kila kilo inalipiwa mara kadhaa, basi tulia. Kibanda cha Mk2 kinabeba wawili. Chini yake injini ya LV-909 Terrier: tani 0.5, kN 60, Isp 345. Hewa ya Duna ni nyepesi kiasi kwamba Terrier inapoteza kidogo sana.

Mafuta ya tani 4 yanapatikana kwa tangi moja la FL-T800, lakini usilitumie hilo: ni refu na jembamba, na chombo kirefu huanguka kwenye mteremko. Tumia FL-T200 nne. Moja iwe katikati juu ya Terrier, tatu ziizunguke, na kila ya pembeni uiunganishe na ya katikati kwa bomba la FTX-2. Mafuta ni yaleyale, uzito uleule, lakini kimo ni robo. Miguu ibandike kwenye matangi ya pembeni ili ipanuke, na uhakikishe ikikunjuliwa inazidi mdomo wa Terrier kwa chini. Injini ikigusa ardhi kabla ya miguu, hulipuka.

Miavuli minne ya Mk2-R, kiunganishi juu, vijipua vinne vya RCS vilivyozunguka kitovu cha uzito, tangi dogo la mafuta yake, betri, taa mbili zinazoangalia chini, na vifaa vya sayansi. Ukifika tani 8 kikijaa na 4 kikiwa kitupu, hesabu ni hii: 345 × 9.81 × ln 2, sawa na m/s 2,345. Toa 400 za kutua na 1,450 za kupaa, zinabaki karibu 500 za kukutana na chombo mama. Kikizidi tani 4.5 kikiwa kitupu, rudi karakana upunguze vitu badala ya kuongeza tangi.

Kabla ya kutoka karakana, bofya kila mwavuli ubadilishe mambo mawili. Shinikizo la kufungukia limewekwa 0.04, lishushe hadi 0.01. Ukiliacha lilivyo na ukashukia nyanda za juu za Duna, mwavuli hautafunguka, maana hewa ya huko haifiki kiasi hicho. Na kimo cha kufunguka kikamilifu kipandishe kutoka mita 1,000 hadi 2,500.

Panga wafanyakazi hivi: Valentina awe rubani na Bob mwanasayansi, hao ndio washukao. Bill, mhandisi, abaki juu. Bob anaweza kusafisha vifaa vya majaribio na kuvitumia tena, jambo ambalo rubani hawezi. Katika hali ya kazi (Career), rubani wa ngazi ya 0 hawezi kushikilia mwelekeo wa retrogradi, yaani kinyume cha mwendo, na anahitaji ngazi ya 3 kushikilia shabaha. Kama bado, weka kitengo cha RC-001S kwenye chombo cha kutua. Kina uwezo wote wa SAS, mfumo unaoshikilia mwelekeo wa chombo.

Roketi ya kuondokea

Kwa tani 23 mpango huu unatosha: chini injini ya Mainsail yenye tangi la Jumbo-64 na X200-32 juu yake, pembeni roketi mbili za mafuta magumu za Kickback, na steji ya pili yenye injini ya Poodle na X200-32. Chombo cha kutua kinakaa kileleni kichwa chini, kimeungwa pua kwa pua na kapsuli, ndani ya kifuniko cha AE-FF2. Muungano huo hutikisika. Washa mipangilio ya kina ya vipuri, kisha kifunge chombo cha kutua kwa autostrati (kiimarisho kisichoonekana) kwenye kipuri kizito zaidi.

Jambo moja zaidi ambalo limewaharibia wengi safari: bofya matangi ya chombo cha kutua na ufunge mafuta yake, alama ya kijani iwe nyekundu. Nerv ikipata njia itayanyonya, na mtafika Duna mkiwa na oksidaiza tupu. Kumbuka kuyafungua kabla ya kushuka.

Muda wa kuondoka

Duna lazima iwe mbele ya Kerbin kwa nyuzi 44 hivi. Katika mchezo mpya hali hiyo inafika karibu na siku ya 230 ya mwaka wa kwanza, kisha hujirudia kila siku 909 za Kerbin, zile za saa sita. Saa ya kengele iliyomo katika toleo hili itakutunzia tarehe. Safari yenyewe inachukua siku 302 hivi, na dirisha la kurudi linafunguka siku 530 baada ya kufika. Mchezo haudai chakula wala hewa, basi subira ndiyo pekee inayotakiwa. Anayejaribu kurudi baada ya wiki moja kwa kuwa sayansi imekwisha atahitaji mafuta maradufu na zaidi.

Kuruka, hatua kwa hatua

1. Paa kuelekea mashariki. Ukifika m/s 100 inamisha nyuzi 5 hadi 10, uwe kwenye nyuzi 45 karibu na km 12. Zima injini apoapsi (kilele cha obiti) ikifika km 80, na uviringishe obiti ukiwa kileleni.

2. Weka nodi (alama ya mchomo uliopangwa kwenye ramani) karibu nyuzi 30 baada ya chombo kuingia upande wa usiku wa Kerbin, ivute progradi (upande wa mwendo) hadi 1,070. Sogeza mbele na nyuma kidogo mpaka mstari uguse Duna.

3. Usichome zote kwa mara moja. Nerv itahitaji zaidi ya dakika 6, na obiti nzima ni dakika 31. Ukichoma mfululizo utakuwa umezunguka sehemu ya tano ya sayari na mwelekeo umepotea. Choma m/s 500 kwanza. Apoapsi itapanda hadi km 1,370 na mzunguko utakuwa wa dakika 85. Ukirudi periapsi (sehemu ya chini kabisa ya obiti) mahali palepale, choma zilizobaki. Kila mchomo uanze nusu ya muda wake kabla ya nodi.

4. Katikati ya njia, weka Duna kama kitovu cha mtazamo kwenye ramani na ufanye sahihisho dogo. Unatafuta periapsi ya km 60, juu ya ikweta, chombo kikizunguka kuelekea mashariki. Mbali hivi, sehemu za m/s 1 husogeza periapsi kwa kilomita nyingi, basi punguza nguvu ya injini kwa kuibofya. Angalia pia Ike. Mwezi huu ni mkubwa, uko km 3,200 tu kutoka Duna, na njia ikikatiza eneo lake la mvuto mpango wote unapinda. Ikitokea hivyo, badilisha muda wa kufika kwa saa chache.

5. Fikeni, choma retrogradi kwenye periapsi kwa zaidi ya dakika 3 hadi obiti iwe duara ya km 60. Kasi yenu itakuwa m/s 890. Wapo wanaopunguza kasi kwa kupiga mbizi katika hewa ya Duna ili kuokoa mafuta. Kwa msafara huu haifai: injini, paneli na chombo cha kutua vyote viko wazi, na mafuta mnayo.

Hapo hifadhi mchezo kwa jina lake, achana na F5 (hifadhi ya haraka) pekee. F5 hufuta ya zamani, na hifadhi iliyowekwa sekunde tatu kabla ya kugonga ardhi haimsaidii mtu.

Kushuka

Hamisha Valentina na Bob kupitia mlango, fungua mafuta, kagua kwamba miavuli iko kwenye steji yake peke yake, kisha tenganeni. Chagua nyanda za chini karibu na ikweta, upande wa mchana na jua likiwa limeinama kidogo, ili vivuli vionyeshe mashimo na miteremko. Jua la utosini huficha kila kitu.

Choma m/s 30 hivi retrogradi ukiwa takriban upande wa pili wa sayari kutoka mahali unapotaka kutua. Periapsi inashuka hadi km 10. Kutoka obiti ya chini joto si tishio na ngao haihitajiki, ila kunja paneli na antena kabla ya km 50.

Badilisha mpira wa mwelekeo (navball) uwe katika hali ya ardhi, SAS ishike retrogradi. Bofya alama iliyo kando ya kipimo cha kimo ili kisome umbali kutoka ardhini. Kwa kawaida kinasoma kutoka usawa wa sifuri wa sayari, na Duna ina nyanda zenye kimo cha kilomita kadhaa. Kipimo kikisema 4,000 ardhi inaweza kuwa mita 300 chini yako.

Utashangaa jinsi kasi inavyokataa kushuka. Kwenye km 5 unaweza kuwa bado na mamia ya m/s. Usifungue miavuli kwa hofu: bofya mmojawapo usome hali yake, na ufungue pale tu inapoandika kwamba ni salama. Kama uko chini ya km 4 na bado ni hatari, washa Terrier kwa sekunde kadhaa, kisha fungua. Miavuli ikipasuka, kilichobaki ni injini peke yake, na mafuta ya kupaa yanateketea hapo.

Miavuli ikijaa kwenye mita 2,500, kasi itaendelea kupungua lakini haitafika ya kutulia. Kunjua miguu kwa G. Kuanzia mita 150 hivi toa nguvu ndogo ya injini, lengo likiwa m/s 10 kwenye mita 50 na m/s 3 hadi 4 ukigusa. Chini ya m/s 5 acha retrogradi na urudishe SAS kwenye kushikilia mwelekeo tu, pua juu. Kasi ikikaribia sifuri, alama ya retrogradi huruka upande mmoja hadi mwingine, na SAS inayoifuata hulaza chombo chini. Vyombo vingi vimeangukia hapo, mita mbili juu ya ardhi. Ukigusa, bonyeza X papo hapo.

Soma delta-v iliyobaki kabla mtu hajafungua mlango. Ikiwa 1,700 au zaidi, mambo ni mazuri. Kati ya 1,450 na 1,600 bado unapanda, ila usihangaike kukifikia chombo mama kwenye km 60: jitahidi kufika obiti yoyote iliyo juu ya km 50, na Bill akufuate kwa ile ziada.

Bob achukue sampuli ya udongo na data ya kila kifaa, aviweke kibandani. Mkimaliza, hakikisheni miavuli imekatika; kwa kawaida hujikata yenyewe chombo kikitulia. Isipokatwa itaburuta wakati wa kupaa.

Kupaa na kuungana

Paa chombo mama kikiwa kinakuja kutoka magharibi, kabla hakijafika utosini. Panda wima sekunde chache, inama mashariki mapema kuliko ulivyozoea Kerbin, uwe nyuzi 45 kwenye km 8 au 10, zima apoapsi ikifika km 55. Viringisha. Obiti yako ya chini ina mzunguko mfupi kuliko dakika 45 za chombo mama, kwa hiyo ukiwa nyuma yake utakifikia wenyewe kwa subira.

Weka nodi ya kupandisha apoapsi hadi km 60 na uisogeze mpaka umbali wa kukutana uwe chini ya km 2. Hapo badilisha mpira wa mwelekeo kuwa hali ya shabaha, choma retrogradi hadi kasi kati yenu iwe sifuri, kisha elekea shabaha kwa m/s 10 tu. Simama tena kwenye mita 100. Washa RCS kwa R, kila chombo kielekeze kiunganishi chake kwa mwenzake, na sogea kwa m/s 0.3. Wanaokosa kuungana kwa kawaida huja kwa kasi mno, kisha vijipua vinawaishia.

Hamisha watu, data na sampuli zote kwenye kapsuli. Mafuta yaliyobaki kwenye chombo cha kutua yahamishie matangi ya Nerv, oksidaiza iache. Kisha tenganeni na kiacheni chombo hicho.

Kurudi

Kengele ikilia baada ya zile siku 530, Kerbin ikiwa nyuma ya Duna kwa nyuzi 75, choma 615. Njiani sahihisha periapsi ya Kerbin iwe kati ya km 30 na 35. Mtaingia angahewa kwa m/s 3,370 hivi. Juu ya km 70 tenganisha steji ya Nerv, geuza ngao mbele, SAS ishike retrogradi ya ardhi.

Periapsi ya km 45 na zaidi hupitisha kapsuli angani na kuirudisha nje. Si hatari, itarudi tena na kasi ndogo, ilimradi betri ina umeme wa kushikilia mwelekeo, kwa kuwa paneli zilikwenda na steji. Chini ya km 20 mkandamizo na joto hupanda ghafla na miavuli ya ubavuni inaweza kuungua. Fungua miavuli kasi ikishuka chini ya m/s 250. Ikiwa mmeangukia mlimani na si baharini, kapsuli ikibingirika isiwatie wasiwasi: bonyeza kuokoa chombo ikishatulia, na data ya Bob itahesabiwa yote.